Sura ya Tatu: Msomaji Yuko Ng'ambo ya Jangwani

Karani wa forodha, mwenye duka, shehe, mwalimu aliyeacha kazi, mhariri wa gazeti la wakulima, mfanyabiashara. Hao ndio walioandika sehemu kubwa ya vitabu na magazeti tunayoyaita leo urithi wa uandishi wa Kiswahili. Hakuna aliyewakalisha darasani kuwafundisha kutunga riwaya. Walikuwa na kazi zao, na kalamu waliinoa kwa kuandika kilichotakiwa siku hiyo: barua, taarifa, tangazo la mkutano, shairi la kumjibu mtu gazetini. Vitabu vilikuja baadaye.

Nalisema hili mapema kwa sababu kijana wa Magomeni, Dar es Salaam, anayeniletea muswada wake, mara nyingi ameanzia mwisho. Amejifungia na madaftari, ametoka na riwaya nene ya majasusi wa New York, mji asioujua hata kwa picha, na swali lake la kwanza ni, "Mzee, mchapishaji nitampata wapi?" Hajawahi kuandika kitu cha nusu ukurasa kikasomwa na mtu asiyemfahamu. Jibu langu huwa ni lilelile, na sura hii yote ni maelezo yake: tafuta kwanza msomaji unayeweza kumfikia kwa miguu.

Toka Magomeni Mapipa, shuka bonde la Jangwani, vuka Mto Msimbazi, panda upande wa pili. Uko Kariakoo. Katika mwendo huo mfupi umeshapishana na wanaohitaji maandishi ya kila namna. Kikundi cha kufa na kuzikana kinataka katiba. Mwenye fremu anataka maneno manne ya kuandika juu ya mlango. Mama ana shauri lake na hajui amwandikieje mtendaji wa kata. Kwenye kituo kuna meza ya magazeti, na mbele yake kundi la watu wamefunga mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari bila kununua. Huyo wa mwisho ndiye msomaji mgumu kuliko wote. Hana nia ya kutoa hela, jicho moja liko kwenye gazeti na la pili linaangalia basi. Anayeweza kumfanya aingize mkono mfukoni, huyo ameshajua jambo ambalo vitabu vingi vya mafunzo ya uandishi havilisemi.

Wa kwanza kulijua vizuri hapa Dar es Salaam alikuwa Erica Fiah. Alizaliwa Uganda, akahamia huku, akafungua duka. Mwaka 1934 alianzisha chama cha kutetea maslahi ya Waafrika na biashara zao, na mwaka 1937 akaanzisha *Kwetu*, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, *Mambo Leo*, lililoanza 1923, lenye fedha, mitambo na maofisa wa kulisambaza hadi wilayani. Fiah alikuwa na duka. Lakini duka linampa mtu kitu ambacho ofisi ya serikali haina: watu wanaokuja kila siku kununua chumvi na mafuta ya taa, wakilalamika bei ya chumvi na mafuta ya taa. Mhariri mwenye masikio hahitaji mwandishi wa habari wa kumtuma mbali. *Kwetu* liliyumba mara nyingi kwa uhaba wa fedha, hata hivyo likaendelea kutoka hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950.

*Mambo Leo* nalo tusilidharau kwa kuwa lilikuwa la mkoloni. Ukurasa wake wa mashairi ulikuwa chuo kisicho na jengo. Mtu alituma beti zake kutoka Pangani au Tabora, zikachapwa na jina lake, na miezi michache baadaye mwingine akamjibu kwa vina vilevile, akimkosoa fikra na mizani kwa pamoja. Aliyekosea alisahihishwa mbele ya nchi nzima. Shaaban Robert ni mmoja wa waliopitia humo.

Kutokana na desturi hiyo ya kujibizana kilipatikana kitabu ambacho hadi leo namkabidhi kila anayetaka kutunga. Ni *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kilichotoka 1954. Mwandishi wake, Sheikh Kaluta Amri Abedi, alikuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na kisha waziri. Sijui miji mingapi duniani iliwahi kuwa na meya aliyeandika kitabu cha kufundisha urari wa vina, lakini wetu tulikuwa naye.

Magomeni yenyewe ina hadithi yake ya uchapishaji, na haisimuliwi inavyostahili. Mtaa wa Ifunda kuna nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere kabla ya uhuru. Leo ni makumbusho. Wageni huenda kuangalia kitanda na redio. Kinachonivutia mimi ni kwamba mkazi wa nyumba ile alikuwa pia mhariri. Chama chake, TANU, kilikuwa na kijarida, *Sauti ya TANU*, kilichopigwa taipu kwenye karatasi ya nta na kutolewa nakala kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Kisingeshinda tuzo yoyote ya umaridadi. Lakini kila tawi la chama lilikuwa na mtu wa kukipokea, na kila mpokeaji alikuwa na watu wa kuwasomea. Mwaka 1958 makala moja iliyowashutumu maofisa wawili wa wilaya ilimpeleka Nyerere mahakamani kwa kosa la kukashifu. Akatiwa hatiani: faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa.

Mwanafunzi wa uandishi aisome kesi hiyo kama somo la ufundi. Karatasi chache za kuzungusha kwa mkono ziliiudhi serikali kiasi hicho kwa sababu zilikuwa na wahusika wanaotambulika, mahali na matendo. Kashfa ya jumla jumla haimpeleki mtu kortini, na pia haimuudhi mtu. Ukiamua kutaja, basi uwe na ushahidi mkononi kabla hujataja, maana sheria ya kashfa haikuondoka na Waingereza. Na mtu huyohuyo, akiwa sasa Ikulu, mwaka 1963 alitoa tafsiri ya *Julius Caesar* ya Shakespeare, kisha 1969 *Mabepari wa Venisi*. Kijarida cha chama, hotuba, barua za kiofisi, tamthilia ya mashairi yasiyo na vina: mikono ni ileile, wasomaji ni mbalimbali.

Hapo ndipo penye kiini cha kujifunza aina za maandishi. Watu huuliza tofauti ya habari, barua, kisa na shairi kana kwamba ni tofauti ya urefu. Tofauti ni nani anasoma na amekaaje. Tuchukue tukio moja analolijua kila mkazi wa huku: mvua imepiga usiku kucha, Msimbazi umejaa, Jangwani pamefungwa, na Magomeni imetengwa na Kariakoo. Tuliandike mara nne.

Kwanza kama habari:

"Barabara ya Morogoro ilifungwa jana kwa saa sita eneo la Jangwani baada ya maji ya Mto Msimbazi kufunika daraja, na abiria wa mabasi yaendayo haraka kati ya Kimara na Kivukoni walikwama."

Sentensi moja, na msomaji wetu wa kituoni anaweza kuondoka akiwa ameshapata kitu. Kinachofuata kitapangwa kwa uzito, kizito juu, chepesi chini. Sababu yake ni ya chumba cha habari: tangazo likiingia saa mbili usiku, mhariri anakata kuanzia mkiani. Aliyeficha jambo kubwa aya ya mwisho atalikuta kwenye pipa la taka.

Pili kama barua, kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa:

"YAH: OMBI LA KUSAFISHA MTARO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi tuliosaini hapa chini tunaomba mtaro unaopita nyuma ya msikiti usafishwe kabla ya mvua za masika kuanza, kwa kuwa umejaa taka na mwaka jana maji yaliingia katika nyumba tisa. Tuko tayari kutoa nguvu kazi siku ya Jumamosi. Tunaomba gari la kubeba taka."

Kuna wanaocheka hilo "husika na kichwa cha habari hapo juu". Mimi silicheki. Ni salamu ya ofisi, linamwambia msomaji kwamba aliyeandika anajua taratibu. Muhimu ni yanayofuata: nani anaomba, anaomba nini, kwa lini, na yeye mwenyewe atatoa nini. Barua isiyo na ombi ni manung'uniko, na manung'uniko hayafunguliwi faili.

Tatu kama kisa:

"Mama Sauda alivua ndara, akazigonga moja kwa nyingine kutoa tope, akazitia kapuni juu ya mchicha.
'Ng'ambo shilingi ngapi?'
'Buku, mama,' alisema kijana wa guta. 'Na kapu nalo buku.'
'Kapu lina miguu?'
'Halina. Ndiyo maana linabebwa.'"

Humu hamna neno mafuriko, hamna Msimbazi, hamna saa sita. Msomaji anayajua yote kwa sababu mama amevua ndara. Waandishi wachanga huanza kisa kwa kueleza hali ya hewa, kisha historia ya familia ya mhusika, kisha sura yake, rangi yake, urefu wake. Mwenye haraka ameshafunga kitabu. Anzia kwenye bei ya guta, hali ya hewa itajileta.

Nne kama shairi:

"Na mvua ilipokoma, njia haikupitika,
Mabasi yakasimama, daraja likafichika,
Guta likabeba mama, kapu lake kalishika,
Jua limekwishazama, sokoni ndipo kafika."

Mizani nane kwa nane, kina cha kati *ma*, cha mwisho *ka*. Angalia shairi lilivyonilazimisha. "Mabasi yaendayo haraka" ni mizani kumi, haiingii katika kipande cha nane hata ukiisukuma kwa bega, kwa hiyo ikaanguka pamoja na majina yote ya vituo. Badala yake kina kikanipa jua linalozama, jambo ambalo habari isingelitaja na barua isingelihitaji. Wanaosema vina ni minyororo hawajawahi kupewa zawadi na kina.

Ningeweza kuongeza la tano, wimbo wa taarabu. Pale Travertine, Magomeni, ukumbi uliojizolea jina kwa taarabu ya kisasa, mafuriko yaleyale yangegeuka mwanamke aliyefurika na kusahau kwamba masika hayadumu, na meza nzima ingejua anasemwa nani. Mtunzi wa taarabu ndiye hodari wetu wa kuandika kwa wasomaji wawili kwa wakati mmoja: mmoja anacheza, mwingine anaumia. Ningependa kuona kozi ya uandishi ya hapa Bongo ikimwalika mmoja wao afundishe.

Fanya zoezi hilo la mara nne kwa tukio lolote la mtaani kwako, kisha mpelekee kila msomaji andiko lake. Habari msomee mtu aliyesimama. Barua ipeleke kweli ofisini uone kama itajibiwa. Kisa wasomee watu kibarazani na uangalie lini wanaanza kutazama simu zao. Weka alama ya penseli mahali hapo, ndipo pa kukata.

Sasa tuje kwa Shaaban Robert, kwa sababu mtu anaweza kunipinga kwa kumtumia yeye, na atakuwa na haki. Huyu alikuwa bingwa wa aina zote: riwaya, utenzi, insha, wasifu, maisha yake mwenyewe, barua. Akiwa mtumishi wa serikali, sehemu kubwa ya miaka yake Tanga, aliandika *Kusadikika*, iliyotoka 1951. *Kielezo cha Insha*, 1954. *Wasifu wa Siti Binti Saad*, 1958. Lakini tazama vilikotoka. *Kielezo cha Insha* na *Pambo la Lugha* vilichapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. *Kusadikika* ilipitia kwa kampuni ya Kiingereza ya Nelson. Msomaji wake alikuwa Tanga, Unguja na Dar es Salaam, lakini muswada ulilazimika kwenda ng'ambo na kurudi. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizokusanywa na kutolewa kitabu mwaka 2002, zinaonyesha mtu aliyebeba mzigo wa miswada yake miaka na miaka. Alifariki 1962. *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* vilitoka 1968. Bingwa wa lugha hakuviona vitabu vyake viwili vikubwa vikishikwa mkononi na mtu.

Sisemi alikosea. Katika enzi yake milango ilikuwa michache. East African Literature Bureau, ofisi ya vitabu ya makoloni ya Afrika Mashariki, iliundwa 1948 tu. Ofisi hiyo ilifungua mlango mmoja wa maana: mashindano ya hadithi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, mhariri wa gazeti la wakulima, alishinda mashindano ya 1957-58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*. Kitabu kikatoka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake wakaingia katika fasihi yetu. Faraji Katalambulla akafuata na *Simu ya Kifo*, 1965. Wasomaji wa mjini wakagundua kwamba Kiswahili kinaweza kumkeshesha mtu.

Waliovunja utaratibu wa kungoja ni kizazi kilichofuata. Elvis Musiba alitoa *Kufa na Kupona* mwaka 1974 kupitia ofisi ileile ya vitabu. Jasusi wake, Willy Gamba, akapendwa. Musiba alikuwa mfanyabiashara, baadaye akawa kiongozi wa chemba ya wafanyabiashara wa Tanzania, na alikifikiria kitabu kama bidhaa: nani ananunua, wapi, kwa bei gani. Hammie Rajab na Kajubi Mukajanga nao walikuwa miongoni mwa wale vijana wa miaka ya 1970 na 1980 walioandika riwaya fupi za mapenzi na uhalifu, za kubebeka mfukoni, zilizouzwa vituo vya mabasi na kwenye meza za wachuuzi kuliko madukani. Maprofesa wakaziita fasihi pendwa, wengine kwa kukunja pua. Walikunja pua huku watu wakisoma. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilikuwa imewafundisha mamilioni kusoma. Sensa ya 1967 ilionyesha theluthi mbili ya watu wazima hawajui, na kufikia 1986 waliobaki walitajwa kuwa chini ya asilimia 10. Watu hao walipewa ufunguo, na riwaya za mfukoni zikawa miongoni mwa milango michache wanayoweza kuifungua kwa hela yao wenyewe.

Ben Mtobwa ndiye aliyeenda mbali zaidi. Mzaliwa wa Kigoma, baba wa mhusika Joram Kiango, aliishia kuanzisha kampuni yake, Heko, na *Dar es Salaam Usiku* ikatoka humo mwaka 1990. Kisha ikaja miaka ya magazeti ya udaku. Eric Shigongo, kwa kampuni yake ya Global Publishers, alizipeleka riwaya mahali ambapo Mambo Leo liliyapeleka mashairi: ndani ya gazeti, kipande kimoja kwa wiki. Ufundi wa hadithi ya mfululizo ni ukatili mtupu. Mkono umeshika kitasa, mlango unafunguliwa, *itaendelea*. Anayetaka kujifunza kumaliza sura asome mfululizo wowote wa magazeti hayo, hata kama itabidi alifiche gazeti chini ya mto. Leo mfululizo umehamia kwenye simu. Mwandishi ana kundi la WhatsApp, anatoa vipande vya mwanzo bure, kisha anasema anayetaka kuendelea atume elfu moja kwa namba fulani. Mantiki haijabadilika tangu Fiah: msomaji kwanza, karatasi baadaye.

Basi tuseme unao wasomaji wako, hata kama ni wachache wa kibarazani na kundi la simu, na sasa unataka kitabu. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni kampuni. Tanzania Publishing House ilianza 1966 na ikawa na heshima kubwa chini ya Walter Bgoya. Yeye alipotoka akaanzisha Mkuki na Nyota, 1991. Kuna nyingine pia. Jua tu kwamba kampuni zetu kwa miaka mingi zimeishi kwa vitabu vya shule, na tangu Taasisi ya Elimu Tanzania irudishiwe kazi ya kuandaa vitabu vya kiada, hewa imepungua. Riwaya ya mtu asiyejulikana ni bahati nasibu kwao. Wakikukubali watagharamia wao uhariri na uchapaji, nawe utapata mrabaha, aghalabu asilimia 10 au karibu na hapo. Soma mkataba wote. Mahali pa kutazama ni muda: haki umeiuza kwa miaka mingapi, na kitabu kikiisha sokoni bila kurudiwa, haki inakurudia lini?

Ya pili ni tuzo. Tuzo ya Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, ilianzishwa 2014 kwa ajili ya maandishi ya Kiswahili. Mohammed Ghassani alishinda upande wa ushairi katika awamu ya kwanza kwa *N'na Kwetu*, na Mkuki na Nyota wakakitoa. Hapa nyumbani kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Tuzo ina faida hata kwa asiyeshinda: inakupa tarehe ya mwisho. Muswada usio na tarehe ya mwisho haumaliziki.

Ya tatu ni kujichapishia, na hii nitakaa nayo kidogo kwa sababu ndiyo inayowatafuna wengi.

Kwanza mhariri. Mlipe mtu, asiwe ndugu yako. Ndugu atasema kitabu ni kizuri. Kisha nenda Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ukaombe ISBN. Ni Bodi ya Huduma za Maktaba inayotoa namba hizo, na namba za Tanzania utazitambua kwa 9976, 9987 au 9912 baada ya 978. Hakimiliki wala haihitaji safari: kwa sheria ya 1999 ni yako tangu uliposhusha maneno kwenye karatasi, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Usajili Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, unakusaidia siku ya ubishi.

Kisha mashine. Kariakoo na vitongoji vyake utachapiwa chochote, kuanzia kadi ya harusi. Uliza swali moja: ni mashine ya pleti au ya dijitali? Ya pleti inataka gharama kubwa ya mwanzo, kisha kila nakala inakuwa rahisi. Haina maana kwa nakala hamsini. Ya dijitali bei ya nakala ni ileile, ziwe ishirini au mia mbili. Kwa kitabu cha kwanza anza na chache. Na hesabu kurasa: karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 97 utalipia karatasi utakayoitupa. Kata ukurasa mmoja. Kila muswada niliowahi kuushika ulikuwa na ukurasa mmoja wa kukata. Kijitabu cha kurasa 32 au 48 kinabanwa kwa pini tu, hakihitaji gundi, na kwa anayeanza na visa vifupi au diwani ndogo kinatosha kabisa.

Mchapaji akishakukabidhi maboksi, kazi yake imeisha. Yako ndiyo inaanza, na hapo ndipo vitanda vingi vya Dar es Salaam vimeinuliwa na maboksi ya vitabu vilivyokosa pa kwenda. Duka litachukua nakala zako kwa mali kauli: unaacha kumi, unalipwa kwa zilizouzwa. Tuseme nakala imekugharimu shilingi 4,000 na umeweka bei 10,000. Duka likichukua 3,000, unabaki na 3,000, kabla ya nauli, na kabla ya nakala za bure kwa shemeji wanaoona aibu kununua kitabu cha mtu wa nyumbani. Kwa hesabu hiyo, nakala moja uliyoiuza kwa mkono wako kibarazani, msikitini baada ya darsa, kanisani baada ya ibada, kwenye mahafali ya shule, ina faida mara mbili ya ile ya dukani. Duka ni kwa ajili ya watu usiowajua. Wanaokujua wauzie mwenyewe.

Nenda dukani na daftari la kupokelea mali lenye nakala ya kaboni, muuzaji asaini idadi na tarehe. Rudi baada ya mwezi, hata kama hakukupigia simu, maana hatakupigia. Ukikuta ameuza tatu, chukua hela ya tatu papo hapo, usimwambie akusanye. Na siku unapomlipa fundi aliyekupangia kurasa, usiondoke bila faili lenyewe, la kurasa na la jalada, kwenye flashi yako. Watu wamelazimika kuchapa vitabu vyao upya neno kwa neno, kwa sababu kompyuta ya fundi iliibwa au fundi mwenyewe alihama mtaa bila kuaga.